Juisi Iliyoganda Mno

Mtu akinisalimia kwa uchangamfu kupita kiasi, najiuliza anataka nini. Ndivyo nilivyo. Kwa hiyo juisi zetu zilipoanza kuganda kama jiwe, sikuilaumu friza. Nilimshuku wifi yangu.

Alikuwa mjane wa kaka yangu, mzaliwa wa kisiwa cha Idjwi, na tangu msiba aliishi nasi hapa mtaani Nguba. Yeye alikoroga juisi ya marakuja na kuifunga kwenye sashe, vile vifuko vya plastiki, mimi niliiuza langoni kwetu. Wanafunzi waliipenda kwa sababu ilikuwa tamu na haikuganda hadi kuwa ngumu: uking'ata pembe ya sashe, unafyonza barafu laini. Sasa walirudi wakilalamikia meno.

Shuleni somo la kemia lilinichosha, lakini jambo moja lilinikaa. Sukari au chumvi ikiyeyuka ndani ya maji, maji hayo hayagandi kirahisi kama maji matupu. Yanataka baridi kali zaidi, na kadiri kilichoyeyuka kinavyoongezeka, ndivyo yanavyozidi kugoma. Basi juisi ngumu ni juisi iliyopunjwa sukari. Na gunia la sukari lilikaa chumbani kwa nani? Kwake.

Nilikoroga sashe moja mwenyewe kwa siri, sukari kama zamani, nikaipiga fundo mara mbili na kuichomeka katikati ya zake. Kesho yake yangu ilibonyea chini ya kidole. Zake ungeweza kugongea msumari.

Nilimwita uani, mbele ya Papa, baba yangu mzazi, ambaye tangu daktari amkataze sukari alishinda kwenye kiti chake, koti mwilini, akinywa chai isiyo na sukari bila kunung'unika. Utiifu huo nao ulinitia shaka, lakini siku hiyo nilikuwa na mtu mmoja tu wa kushughulikia.

“Sukari unapeleka wapi? Unauzisha? Kama ni vile, rudia kwenu Idjwi!”

Aliingia ndani, nikamsikia akikusanya vitu, nikajua nimemkamata. Alipotoka, mkono mmoja ulishika begi, mwingine uliburuta gunia. Lilikuwa na sukari nyingi kuliko nilivyotegemea.

“Sukari ni hii. Sikuuzisha.”

“Sasa juu ya nini unaipunguza mu jus?”

Akainamisha macho. Kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe kwa ubaya mbele ya watu, hata kama yeye mwenyewe anafukuzwa. Papa akakohoa.

“Wacha huyu mutoto. Ni miye. Wewe ukiwa ku mulango, miye nafungua friza.” Akamgeukia wifi. “Ulijua?”

“Nilikuta masashe mu mifuko ya koti yako, Papa, wakati ya kufula. Niliogopa kukuambia, nikapunguza tu sukari.”

Papa alitikisa kichwa polepole.

“Niliona utamu inapunguka kila siku. Lakini ningelalamika kwa nani?”

Nilitaka kucheka, lakini niliona aibu. Wifi alikuwa bado ameshika begi, kana kwamba hajui kama amefukuzwa au la. Nililichukua mkononi mwake, nikalirudisha chumbani mwenyewe. Na kwa tabia yangu ile ile, kabla ya kuliweka chini, nikalifungua kuona alikuwa anaondoka na nini.

Kitenge kimoja, na picha ya kaka yangu.