Nyuma ya Mlango wa Kasuku

Siku yangu ya kwanza kazini Doha, supavaiza wetu, Mkenya wa Eldoret aitwaye Kiprono, alinishika bega akanibandua ukutani. "Mzee, hapa hakuna kuegemea," alisema. "Ukiegemea, mgeni anajua umechoka. Akishajua, ataanza kushikashika vitu." Nilikuwa nimesimama kitambo kidogo tu, na miguu ilikwisha kuanza kunilaumu.

Nilikuwa mlinzi wa ukumbi katika jumba la makumbusho la tajiri mmoja, na nimeifanya kazi hiyo hadi nywele zimekuwa nyeupe. Vijana mkisikia mlinzi mnafikiria rungu na geti. Sisi hatukuwa na rungu. Tulikuwa na lindo, yaani ile pembe ambayo ukisimama unakiona chumba chote bila kugeuza shingo, redio ya upepo kiunoni, na maneno ya adabu kwa lugha nyingi. Jioni basi liliturudisha mtaa wa Najma, kwenye chumba nilichokaa na Wahindi wawili na Mganda mmoja. Kihindi changu nilikiokota humo, kwenye sufuria za dengu.

Lindo langu la kudumu lilikuwa mbele ya ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Ulitoka kwenye kasri la wafalme huko Rajasthan, India, ukanunuliwa mnadani. Mwenzake, ndivyo alivyonieleza Bibi Mhifadhi, mama aliyetunza vitu vya jumba, alibaki kulekule kasrini. Mimi ni mtu wa Pangani, milango ya nakshi nimezaliwa nayo, lakini huu ulinishinda. Ulichongwa kasuku kutoka juu hadi chini, wote wakitazama kushoto, na mmoja alikatika mdomo. Niliwajua kama mtu anavyowajua kuku wake.

Sasa, ubao ule ulikuwa umekazwa ukutani kwa vyuma. Watoto wa shule walipokuja, hawakuuliza habari za mfalme. Waliuliza, "Ammi, nyuma kuna nini?" Sikujua. Bibi Mhifadhi naye hakujua, maana aliukuta umeshakazwa. Nikajipa moyo nikamuuliza Mudir, mkuu wetu, Mqatari mcheshi.

"Shuf, tazama, Bakari," alisema. "Wewe linda mbele. Nyuma inalindwa na ukuta. Khalas."

Tulicheka, lakini mimi swali halikunitoka. Mtu kukaa na kitu miaka yote ile asijue mgongo wake! Mkataba wangu wa mwisho ulipokaribia kwisha nikaona nikirudi Pangani bila kujua, nitazikwa sijui. Nikaomba tiketi yangu ya kurudi nyumbani ipitie India. Mke wangu, Mwanaisha, alipiga kelele kwenye simu: "Wenzio wanarudi, wewe unakwenda kuangalia mgongo wa mlango?" Kisha akapoa. "Haya nenda, baba. Usije ukanirudia na hamu ya mlango wa watu."

Kasri lilikuwa juu ya mlima, na nyani wenye nyuso nyeusi walikaa kwenye kuta kana kwamba wamerithi wao. Nilipita ua baada ya ua, vyumba vya vioo, madirisha ya tundutundu ambamo mabibi wa mfalme walichungulia nje bila kuonekana. Nikafika. Kasuku walewale, ila hawa wanatazama kulia. Machozi yalinilenga, sioni aibu kusema. Lakini ubao ulifunguliwa ukalazwa ukutani, na kamba imewekwa mbele. Mgongo hauonekani hapa pia!

Nilijua nikiomba kuvuka kamba nitakataliwa, kwa sababu mimi mwenyewe ningekataa. Nikabaki nimesimama tu. Mama mmoja akaniuliza choo kiko wapi. Mtoto akanyoosha mkono kwenye nakshi, nikamwambia, "Tafadhali, usiguse." Ndipo mlinzi wa pale, mzee mwenye kilemba aitwaye Ratan, akanijia.

"Bhai, ndugu yangu, wewe mtalii au umekuja kunichukulia lindo?"

Nikatazama nilipo. Nilikuwa kwenye pembe, mikono nyuma, sijagusa ukuta. Nilimweleza yote kwa Kihindi cha dengu: Doha, kasuku, watoto. Alisikiliza hadi mwisho. "Subiri tufunge," akasema. "Mlango huu hufungwa kila jioni."

Wageni walipotoka aliondoa kamba, akausukuma ubao taratibu. Nyuma hapakuwa na kasuku wala ua hata moja. Palikuwa na mbao nyeusi tupu, na kwenye usawa wa bega, bonde laini linalong'aa.

"Walinzi," alisema Ratan. "Baba yangu, babu yangu, na waliowatangulia. Mfalme akipita mbele, walisimama wima. Akishapita, wakaja kupumzika huku."

"Walikuwa wakikatazwa?"

"Sana!"

Akanionyesha lile bonde kwa mkono, karibu. Nikageuka, nikaweka bega langu. Liliingia.

Siku hizi naketi Pangani, na magoti yananikumbusha Doha kila asubuhi. Nilimpigia simu Ssali, Mganda niliyekaa naye Najma, ambaye sasa ndiye ameshika lindo langu, ili watoto wakiuliza awe na jibu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, kwa hiyo na mimi naweza kuegemea?"

"Mudir amepita?" nikamuuliza.

"Amepita."

"Basi egemea, mwanangu."