Siku Saba za Kombe

Nilipokuwa mutoto hapa Kamembe, nilikuwa nakimbia mpaka kivuli yangu inabakia nyuma, inalia: "Ningojee!" Siongopi. Sahani ikinianguka, nilishuka Cyangugu, nikagusa maji ya Kivu, nikarudi, na ile sahani bado haiyafika chini. Masomo niliachia mwaka wa ine. Mwalimu alisema niko na kichwa ya mbuzi, na mbuzi zikakasirika.

Tate, mama ya mama yangu, yeye alisema ni jini. Akanipeleka kwa shehe mumoja muzee, huyo shehe akaandika aya na zafarani ku sahani nyeupe, akaosha na maji, akanipa ninywe. Ndiyo kombe.

"Siku saba usitoke mu lupango ya nyumba," Tate akaniambia. "Na mutu wa inje akikuita jina, usiitike. Ukiitika, dawa inatoka na sauti."

Nilikuwa na rafiki moja tu, Nyota, binti wa fundi viatu. Bengine bote nilikuwa nimebachosha. Kila mangaribi alisimama ku mulango ya lupango: "Wee Zaina! Umekufa ao unaringa?" Mimi nikafunga kinywa na mikono mbili. Siku ya tano aliita mara moja tu. Ya sita hakukuja.

Kisha siku saba nikatoka. Nyota alikuwa anaruka kamba na benzake. Akaniangalia kama vile mutu anaangalia ukuta. Nikarudi nyumbani, nikaikaa. Nikaikaa kimya kabisa, miezi. Tate akatangaza mtaa muzima: "Kombe imeshika!" Bantu bakapanda kutoka Bugarama kuleta batoto babo. Mimi nilikuwa nalia ndani mpaka ziwa ingejaa, na bo banapiga vigelegele.

Leo niko mushonaji. Hapa mpaka Bukavu hakuna wa kunishinda, uliza hata sindano. Na binti yangu Mwajuma, wa miaka nane, anakimbia kunipita. Dokta alimuangalia mara tatu, akatuuliza maulizo mingi, akasema ni ugonjwa wa akili kutotulia, akaandika kidonge cha kila asubuhi.

"Unalewesha mutoto juu mwalimu apumzike?" bwana yangu akaniuliza.

Nikampa hivyo hivyo. Lakini nilipomuona ameikaa kimya na kaye yake ya kuandikia, roho ikanikatika. Nikaficha dawa chini ya vitambaa. Siku mbili akarudia kurukaruka, tukacheka naye mpaka majirani bakagonga ukuta.

Siku ya tatu akakuja mbele ya mashini yangu. "Mama, dawa yangu iko wapi?"

"Ya nini? Si inakutia huzuni?"

"Hapana. Mbele kichwa yangu ilikuwa soko, bote banaita. Nikimeza dawa nasikia mutu moja. Ni njala tu sisikii saa sita."

"Na benzako?"

"Sasa banakubali nicheze nabo. Najua kungoja zamu."

Nikapekua chini ya vitambaa. Nikamurudishia dawa, ile ya njala nitamuelezea dokta. Akameza, akavaa mufuko wake wa masomo, akaenda.

Nilikuwa nasema naogopa kidonge kitamuzimisha mutoto. Kumbe nilikuwa nimepata mwenzangu wa kukimbia naye, kisha miaka yote ile, na sikutaka apone aniache.