Mwizi wa Mbuzi Aliyeogopa Radi

Hadithi zangu za kwanza nilizisimulia visogo vya watu. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, vita vikaingia mjini, na tantine, dada mdogo wa mama, akaniweka barazani kwake, mtaa wa Ibanda, nisuke nywele upande wa kushoto wakati yeye anasuka wa kulia. Nilikuwa na haya hata ya kusalimia. Lakini anayesukwa hutazama mbele, kuelekea ziwani. Hakuoni. Nyuma ya kichwa cha mtu niliweza kusema.

Bado naikumbuka harufu ya meshi, zile nywele za bandia, tulipozichovya ncha kwenye maji ya moto, na mwanga wa ziwa uliokuwa ukicheza juu ya dari. Kusuka kulichukua nusu siku, kwa hiyo hadithi ilitakiwa iwe ndefu.

Wateja walipenda ile ya mwizi wa mbuzi. Alikuwa askari mwenye macho mekundu, asiyekula, asiyelala, asiyecheka. Aliyemfuata ili amrudishe mbuzi ni kijana wa huko vijijini Walungu, asiyeogopa kitu chochote.

Siku moja alikuja mama tusiyemjua, mkimya. Tulipofika nusu ya kichwa chake, akaniuliza bila kugeuka:

"Ule mwizi yako iko anakula saa ngapi?"

"Hali kitu."

"Na bibi, hana?"

"Hana."

"Mimi bwana yangu ni askari," akasema. "Na anakulaka sana."

Vidole vya tantine vikasimama. Mji ulikuwa mikononi mwa askari, na neno moja baya lingeweza kuleta bunduki barazani. Jirani yetu muuza mandazi, aliyekuwa akisubiri zamu yake, akaanza kufunga kitenge chake ili aondoke. Mimi uso wa yule mama sikuuona. Niliona shingo tu, na shingo haisemi kama mtu amekasirika. Nyuma ya kichwa kulikuwa kumesukwa, mbele nywele zimesimama wima. Hangeweza kwenda popote, wala sisi.

"Endelea," akasema.

Tantine akanikanyaga mguu. Alitaka mwizi ageuke awe mkulima. Lakini yule mama alikwisha kusikia. Nikaendelea polepole. Nikasema mwizi alimfunga mbuzi nyuma ya nyumba, mbuzi akalia mchana kutwa, naye hakujua amlishe nini, maana alikuwa mtoto wa mjini. Ikabidi aende kwa jirani, bunduki mgongoni, kuuliza kwa aibu mbuzi anakula majani gani.

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

"Yangu anaogopaka radi," akasema. "Ikipiga, anafunika kichwa na blanketi, miguu inabakia inje."

"Hata yangu," tantine akasema kabla hajajizuia. "Na yeye hana bunduki."

Muuza mandazi akakaa tena.

"Na ule kijana ya Walungu," mama akaniuliza, "haogopi kitu kabisa?"

"Hapana."

"Basi ni mujinga. Umupatie woga kidogo, maskini."

Nikampa. Nikamfikisha kwenye daraja la kwenda kwa mwizi, nikamrudisha nyuma kwa woga, nikamfikisha tena.

Tulipomaliza, mama alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka.

"Mbuzi walimurudisha?"

Nilitamani kumpa jibu zuri.

"Bado," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akafunga kitambaa juu ya nywele mpya, akaenda zake. Kwa siku kadhaa tantine alisikiliza kila buti lililopita njiani. Hakuna aliyekuja.

Siku hizi naandika, na mkono wangu huenda polepole. Mtu mbaya akifika kwenye karatasi, nasubiri kwanza nijue nani anamwona akijifunika blanketi, ndipo nimwache aibe. Yule mbuzi mpaka leo sijamrudisha.