Mvua ya Kitandani

"Basi ukishaniuza mimi, ukaona umuuze na baba?" mwanawe alifoka. Alikuwa ameukwapua mswada mezani na kuubana kwapani kama mwizi wa kuku.

"Nani angemnunua baba yako, kwa ubishi ule?" alijibu Mama Mvua.

Mzaha ulimtoka wenyewe, kama kuku aliyekatwa kichwa anavyoendelea kukimbia. Tangu wamzike mumewe alikuwa hivyo. Alikula kwa kuwa chakula kimepakuliwa, akalala kwa kuwa taa imezimwa. Mawifi walimngoja alie mpaka wakachoka, wakaenda kulia makwao. Yeye akakaa akaandika kitabu kizima, macho makavu, kama mtu anayechambua mchele wa jirani.

"Tarishi wa kiwanda yuko njiani kuja kuuchukua," alisema. "Uweke hapo."

"Siuweki!"

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kuchapa vitabu. Mama Mvua aliingia huko akiwa bado msichana, kazi yake kukunja karatasi. Kutwa alikunja vitabu vya watoto wanaodamka wenyewe, wakanawa, wakaamkia wazee kabla hata ya kupiga miayo. "Hivi hawa hawana vibofu?" aliwauliza wenzake. Maana nyumbani kwake mtoto alikuwa kikojozi, na baba yake ni fundi magodoro! Kinyozi hajinyoi: magodoro mazuri yalikwenda kwa watu, mtoto wa fundi akalazwa juu ya turubai. Na kila asubuhi aliapa kwamba mvua imenyesha kitandani. Leo wingu limeingilia dirishani, kesho tembo kaja kuoga kaenda zake.

Mama akaziandika hadithi hizo nyuma ya karatasi zilizoharibika. Msimamizi alizisoma akacheka mpaka mashine ikakwama. Waliokuwepo wanaapa ni mashine iliyoanza kucheka. Kitabu kikatoka, kikazaa vingine, na mtoto akapata jina la maisha: Mvua. Sasa ni mwalimu mkuu mwenye upara wa kujitazamia, na bado akipita, watoto hufungua miavuli.

"Siku ya harusi yangu mashemeji walinitunza mwavuli," alisema. "Nikanyamaza. Lakini baba alikuwa mgonjwa, mama! Hajiwezi, hajigeuzi. Leo unaandika habari za babu anayenyeshewa kitandani? Wamcheke hata kaburini?"

"Umesoma?"

"Ukurasa wa kwanza. Umenitosha."

"Soma wa mwisho. Ukitaka kuchoma, kiberiti kiko jikoni." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

Mwanawe alifunua karatasi kwa hasira. Kwenye ukurasa wa mwisho, babu ameamka chepechepe, ameugeukia ukuta kwa aibu. Mwanawe anaingia na shuka kavu mkononi. "Usijali, baba," anamwambia. "Usiku mvua imenyesha."

Mwalimu mkuu aliusoma, akaurudia. 

"Siku ile nilifunga mlango," alisema mwishowe.

"Mlango alioutengeneza baba yako? Godoro alilijua, marehemu. Mlango ule una ufa wa kupitisha mbuzi."

Hakuna aliyecheka. Kitu kilimgonga Mama Mvua kifuani, kwa mbali, kama hodi inayobishwa nyumba ya pili. Akakingoja. Hakikugonga tena.

Mwanawe akavuta kiti cha baba yake, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, akakikalia. Akatandaza karatasi mezani.

"Nipe kalamu. Umekosea hapa."

"Mimi? Nimekosea wapi?"

"Sikusema hivi." Alikata mstari, akaandika juu yake huku akitamka. "Nilimwambia, 'Imenyesha mtaa mzima, baba. Hata jirani ameanika godoro.'"

"Jirani yupi?"

"Yule aliyekuwa akimdai baba ngazi yake."

"Mwongo wewe!" Mama Mvua alisema, na mkono wake ukashika ukingo wa meza. "Haya. Na yeye akajibu nini? Hapo sikusikia. Nilikuwa nimeshaondoka mlangoni."

Mwanawe aliinua kalamu. Akamtazama mama yake.

"Akacheka kwanza. Halafu akanivuta sikio karibu, akasema..."

"Hodi humu!" Tarishi alikuwa ameshaingia, mkoba wazi, mkono mbele. "Mzigo uko tayari?"

Mwalimu mkuu akaufunika ukurasa kwa kiganja. "Bado," alisema, "baba hajajibu."