Kibao cha Mlango wa Banda

Juzi, Mbagala, niliona kibao kipya cha mwendo wa hamsini, nikacheka peke yangu.

Enzi zile za utoto wangu barabara yetu ilikuwa ya vumbi na haikuwa na kibao. Lori la korosho lilimgonga na kumuua mbuzi wangu, Sikitu, akiwa na mimba. Dereva hakuzima hata injini. "Kibao cha mwendo kiko wapi?" alimuuliza mama. Balozi wa nyumba kumi akasema bila kibao hakuna kesi.

Mama aling'oa mlango wa banda la mbuzi, akaupaka chokaa, akaandika 30 kwa masizi, akausimika barabarani. Mie niliamini namba ile ingeyashika magurudumu, na kila siku nilimwombea dereva yule mabaya.

Alasiri moja filimbi ililia. Askari alichomoka kwenye mihogo, lori lile lile likasimama likinuka breki. Nikajua namba imemnasa. Leo najua kwa nini wiki nzima mama alipeleka madafu kwenye mihogo ile.

Mama alikaza khanga, akasogea. "Leo kibao umekiona, baba?"

Dereva aliinamisha macho, yakatua kwenye kona ya ubao, pale Sikitu alipozoea kutafuna.