Dereva Asiyejibu

Niliacha shule darasa la sita, lakini kwa miezi mitatu nilikuwa nasoma tamthilia kila asubuhi garini, kati ya mtaa wa Abu Hamour na studio. Wakati huo metro ya Doha, treni ya chini ya ardhi, ilikuwa bado mashimo na uzio, na foleni ilitupa muda wa kutosha.

Abiria wangu alikuwa mzee Mwingereza, mwandishi na mwigizaji wa televisheni. Kwao aliwahi kujulikana. Katika kila alichoandika alijipa nafasi ndogo: daktari, jirani, maiti wa kwanza.

"Mwandishi akikaa nyumbani, maneno yake yanabadilishwa," aliniambia. "Maiti yuko pale pale, anasikia kila kitu."

Kisha simu zikaacha kulia. Hii ya Doha ndiyo kazi pekee aliyoitiwa kwa miaka mingi, na ikikataliwa, alisema, hakuna atakayemwita tena.

Tamthilia yenyewe ilikuwa hadithi ya tajiri na dereva wake. Yeye alisoma maneno ya tajiri, mimi ya dereva, karatasi nimeiegemeza kwenye usukani kila tuliposimama kwenye taa.

Kule nilikoishi, mtaa wa Muaither, nilikaa chumba kimoja na Mzanzibari, mlinzi wa hoteli.

"Haya, msanii, leo umekufa au umeoa?" aliniuliza jioni moja.

"Leo nimemgombeza tajiri."

"Wewe? Hata kiyoyozi hujawahi kumwomba apunguze."

Nililala na maneno hayo. Asubuhi nikamwambia mzee, "Bosi, dereva hasemi hivi."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Anaangalia barabara. Akibanwa sana anasema, sawa bosi."

Alinitazama kwenye kioo mpaka gari la nyuma likapiga honi. Kisha akatoa kalamu. Wiki ilipokwisha, alikuwa amefuta karibu maneno yote ya dereva, na alikuwa anapiga mluzi.

Watu wa studio hawakupenda. Walisema hakuna atakayekaa vipindi kumi kumtazama mtu aliyenyamaza. Walimpa siku mbili ayarudishe maneno, la sivyo basi.

Jioni ile aliketi mbele, kando yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Uliyoniambia ni kweli?"

Nilijua nikisema sina hakika, atayarudisha.

"Ni kweli, bosi."

Akatikisa kichwa kukubali. Hakurudisha hata neno moja.

Siku mbili zikapita, kazi ikakataliwa, na mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege. Nilisubiri nijisikie vibaya, sikujisikia chochote. Niliona kreni za ujenzi, vumbi, mabasi ya wafanyakazi yenye mapazia. Karibu na lango aliniuliza kama nilikuwa na la kusema.

Nilikuwa nalo. Nilitaka kujua alijiandikia nafasi gani katika tamthilia ile, maana safari hii sikuiona popote. Niliangalia barabara.

Nikashusha mabegi yake, akanipa mkono, nikarudi mjini kuchukua abiria wa saa tano.