Ndege Isiyo na Mlango

Kama unataka mzimu wa usiku, tafuta msimulizi mwingine. Huyu wangu alikuja saa saba mchana, siku ya Jumapili, umeme ukiwepo, jirani akianika nguo nje. Na usiniambie habari za malaria; sikuwa na homa. Yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Kinama, hapa Bujumbura, na ushahidi umetundikwa ukutani kule Carama mpaka leo. Ukibisha nitakupeleka uuguse.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa. Nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha Zone Industrielle, eneo la viwanda, tunatengeneza vikopo vya maziwa ya mgando. Karatasi ya plastiki inapashwa moto mpaka inalegea, halafu fomu ya juu, yaani kalibu, inashuka kukutana na ya chini, hewa inavutwa, na plastiki inashika umbo la kilicho chini yake. Ndivyo kikopo kinavyozaliwa. Mdogo wangu Déo ndiye aliyekuwa mwenzangu kwenye mashine hiyo, presi. Yeye alilisha plastiki, mimi nilikaa kwenye vitufe.

Sasa sikiliza neno moja. Hapa Bujumbura neno "funga" lina kazi nyingi. Tunafunga mlango, lakini pia tunafunga redio, tunafunga taa, tunafunga mashine, yaani kuizima. Na pale kwenye presi, "funga" ni kuteremsha fomu. Vitufe viwili, kimoja cha kuzima na kimoja cha kuteremsha, vimekaa karibu kama meno.

Siku moja plastiki ilikwama. Déo akaingiza mkono wa kushoto kuitoa, akapiga kelele, "Funga!" Nikateremsha fomu.

Kidole chake cha pete kilikatika nusu. Shefu, msimamizi wetu, alipokuja kuuliza, nilisema Déo hakusema kitu, aliingiza mkono kwa uzembe wake. Wiki ile Déo alikuwa amechaguliwa kuwa mkuu wa zamu, yeye mdogo, mimi mkubwa nikarukwa kama sionekani. Nakuambia hilo ujue tu hali ilivyokuwa. Walimfukuza. Ukuu wa zamu nilipewa mimi, na ninao hadi sasa.

Mtu mwenye mkono mbovu anapata kazi gani? Déo akapata ya kusindikiza mizigo ya wafanyabiashara kwenye ndege ndogo ya kwenda Congo. Alikaa nyuma, juu ya magunia. Hakuwahi kunishtaki kwa mtu yeyote, hata kwa mkewe Goreth. Ukoo mzima uliamini ni uzembe, naye akawaacha waamini. Halafu siku moja ile ndege ikaanguka msituni. Hakurudi mtu, wala mwili, wala kiatu.

Mwaka ulipokaribia kuisha, ukoo ukapanga siku ya kuvunja matanga, ile tunayoiita levée. Kwetu siku hiyo mkubwa wa familia anasimama kueleza maisha ya marehemu, na baada ya hapo mjane anaachiwa, maisha yanaendelea. Mkubwa ni mimi. Kaburi halikuwepo, kwa hiyo Goreth aliniomba kitu cha kuweka mezani kando ya picha. Nikasema nitatengeneza ndege yake. Moyoni nilijua siku hiyo nilipaswa kusema ukweli. Nadhani nilitaka mikono iwe na kazi ili mdomo upumzike.

Niliitengeneza yote mwenyewe, kwa kuangalia picha tatu zilizobaki kwenye simu ya Goreth. Nilichonga mbao laini ziwe mbavu za ndege, kulia na kushoto. Nilitengeneza sanduku, nikalitoboa juu matundu mengi kwa msumari wa moto, nikaunganisha bomba la aspirateri, mashine ya kunyonya vumbi. Plastiki nilichukua masalio ya kiwandani. Unaibana kwenye fremu kuukuu ya picha, unaishika juu ya mbabula, jiko la makaa, unangoja ilegee katikati kama chapati mbichi, unaishusha upesi juu ya mbao, unawasha mashine. Fyuu! Plastiki inakumbatia mbao. Ukichelewa imepoa, ukiwahi inakunjamana. Niliharibu karatasi kumi na kitu kabla sijapata pua ya ndege. Vioo vya rubani nilivivuta kutoka plastiki angavu ya kifuniko cha keki. Injini mbili, mabawa, magurudumu, hadi vichwa vya misumari kwenye bati nilivichora kwa sindano. Usicheke, ilikuwa nzuri.

Jumapili ya mwisho kabla ya levée ilibaki ubavu wa kushoto tu. Nilibaki nyumbani, watu wengi wakiwa bado kanisani. Makaa yamekolea, mlango wazi. Mtu akasimama mlangoni.

"Amahoro," akasema.

"Amahoro. Karibu."

Alikuwa mtu mzima kuliko mimi, mvi kidogo, uso nisioujua. Alivaa koti kwenye joto lile, mkono wa kushoto mfukoni. Nikaangalia viatu vyake. Havikuwa na vumbi. Ni kiangazi, Kinama, hata kuku ana vumbi, na viatu vyake ni kama vimetoka dukani. Ningejiuliza, lakini alikuwa ameshaiona ndege, na mtu anayeisifu kazi yako humchunguzi sana.

"Ni we unatengeneza hii?"

"Ni mi."

"Mutu anaingia?"

"Hata panya haingii," nikasema. Tukacheka. Kicheko chake nilikijua, lakini sikukumbuka kutoka wapi.

Akaizunguka meza polepole. Akaonyesha nyuma ya vioo kwa kidevu. "Hapa rubani. Huku nyuma ni magunia." Nikasema ndiyo. Akauliza, "Mulango iko wapi?"

Nikamwonyesha mbao ya kushoto, nilipokwaruza mstari wa mraba. "Iko hapa. Nimeichora."

"Ya kuchora haifunguke, mukubwa. Mwenye iko ndani atatokea wapi?"

Mukubwa. Mtu mwenye mvi ananiita mukubwa, kama mdogo anavyomwita kaka yake. Mwili wangu ulishaelewa, niamini, nywele zilisimama mpaka za mikononi, lakini kichwa kilikataa. Na plastiki ilikuwa tayari, inalegea juu ya makaa, haisubiri mtu. Unajua nilifanya nini? Niliendelea na kazi. Nilimpa mgongo, nikaishusha plastiki juu ya mbao, nikawasha aspirateri.

Ile mashine ina kelele, inafanana kidogo na presi. Ndani ya kelele hiyo, nyuma ya sikio langu, akasema:

"Funga."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeomba maji. Uso ulikuwa wa mgeni, lakini ile sauti ilikuwa ya Déo. Kidole changu kikaenda moja kwa moja kwenye kitufe, nikazima.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Nikatoka mbio. Nyumba yangu ina njia moja, inapita chini ya kamba ya nguo za jirani yangu, na yeye alikuwa palepale na beseni lake.

"Mama, yule mugeni amepita wapi?"

Akanitazama vibaya. "Mugeni gani? Mi nasikia tu we unacheka peke yako."

Nilirudi ndani. Mbao ya ubavu ilikuwa juu ya sanduku kama nilivyoiweka, laini, haina kitu. Lakini plastiki iliyokuwa juu yake haikushika umbo la mbao. Pale nilipochora mlango palitokeza mkono wa kushoto, kiganja na vidole, umesukumwa kutoka ndani kuja nje. Kidole cha pete kiliishia nusu. Hata kovu lilionekana, ule mshono mbaya wa zahanati. Nikaugusa na ulikuwa bado una moto. Nilikaa chini nikalia, na sikuwa nikilia kwa woga.

Nikaamua. Jumamosi, siku ya levée, nitausema ukweli wote, na huu mkono utakuwa shahidi. Siku ilipofika niliufunga kwenye kitambaa, nikaenda nao Carama, kwa Goreth.

Watu walijaa uani, viti vya kukodi, picha ya Déo mezani. Nilipoitwa kusema, nikasimama, nikaweka kile kifurushi mezani. Kabla sijafungua mdomo, Goreth alikifunua. Akaweka kiganja chake juu ya kile cha plastiki, kidole kwa kidole, mpaka akafika kwenye kile kilichoishia nusu.

"Shemeji," akasema, "ni mukono ya Déo. Umeiweza aje?"

Pale ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, hakuna aliyeushika. Nikasema, "Nimeitengeneza. Kwa kukumbuka."

Uwanja mzima ukalia. Baba mdogo akanishika bega, akasema hajaona ndugu anayempenda ndugu yake hivi. Nami nikaeleza maisha ya Déo, mtu mwema, aliyeumia kwa uzembe mdogo wa ujana na hakulalamika. Watu wakapiga makofi. Matanga yakavunjwa.

Goreth aliutundika ule mkono sebuleni, juu ya kiti chake. Kila mwezi ananialika chakula, ananikalisha mkabala nao, ananiwekea kipande kikubwa cha samaki. Anawaambia wageni, "Huyu shemeji yangu ndiye aliyeutengeneza." Nakula. Samaki hana ladha. Ule mkono umefunguka kuelekea kwangu, kama wa mtu anayesukuma mlango.

Ndege haijaisha. Nimejaribu ubavu wa kushoto mara nyingi, kwa mbao mpya, kwa plastiki ya rangi nyingine. Upande wa kulia unatoka safi. Wa kushoto unatoka na mkono, kila mara, na kila mara naichoma hiyo plastiki uani, harufu ikisumbua majirani.

Nakuonya wewe unayesoma. Usishike kazi ya kumkumbuka mtu wako kama hujasema ulichomfanyia. Atakuja kukuuliza mlango uko wapi, na atakuja mchana, kwa adabu, na ukimnyima atakaa.

Mara nyingine usingizi unakataa, najiambia ilikuwa kelele, neno lina maana mbili, mtu yeyote angekosea. Shefu aliamini, ukoo uliamini, Goreth anaamini. Wewe hunijui, basi nitakuambia wewe. Mkono wa Déo ulikuwa ndani ya presi na nilikuwa nauona. Alisema funga, na mgeni naye alisema funga. Nilisikia na kuelewa vizuri mara zote mbili.